Kutoka Majini na Kurudi: Mimea ya Nchi Kavu Mpaka Mkoko wa Lamu

Hotuba kwa walimu na vikundi vya vitalu vya mikoko, Lamu

Assalaam alaykum, na masalkheri. Baba zangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa vitalu mliofika hapa moja kwa moja kutoka kwenye matope, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya upandaji wa mikoko. Nitafika huko, lakini sitaanzia huko. Siku hizi mgeni akija Lamu na fulana mpya, hukosi kumwona akipigwa picha huku anachomeka mche wa mkoko matopeni, na picha ikishatoka huyo anapanda boti. Sisi tunaobaki inatupasa tuujue mti huu umetoka wapi, na kwa nini jirani yake aliye kwenye matope yaleyale si ndugu yake. Kwa hiyo nawarudisha nyuma kidogo: miaka milioni 500.

Wakati huo bahari ilikuwa imejaa viumbe. Nchi kavu ilikuwa mawe na mchanga, na penye unyevu labda utando wa bakteria. Hapakuwa na unyasi wala jani. Watu wengi wa pwani, ukiwauliza mimea ya nchi kavu ilianzia wapi, watakuonyesha mwani pale mwambani: ulipanda ufuoni, ukazoea jua, ukawa mti. Dhana hiyo inapendeza, lakini si kweli. Uchunguzi wa DNA unaonyesha kuwa jamaa wa karibu kabisa wa mimea ya nchi kavu ni mwani wa kijani wa maji matamu. Mnaujua. Baada ya masika, madimbwi yakikaa siku kadhaa, huota nyuzi za kijani zinazoteleza mkononi. Nyingi ya nyuzi hizo ni spirogira, na spirogira ni wa kundi hilohilo.

Na ukifikiri utaona kwa nini ni dimbwi, si bahari. Bahari hupwa na kujaa lakini haikauki. Dimbwi hukauka. Kiumbe aliyezoea kukaushwa na jua, kisha akanyeshewa na kufufuka, alikuwa ameshapata nusu ya mafunzo ya kuishi nchi kavu kabla hajahama. Alama za kwanza za waliohama ni spora, yaani chembe za uzazi, ndogo mno, zilizokutwa ndani ya mawe; za zamani sana zimepatikana Argentina, nazo zina miaka kama milioni 470.

Najua humu ndani wamo masheikh na maalim, na najua mazungumzo ya viumbe kubadilika huwa yanazusha maneno barazani. Mimi sikuja na ugomvi wa itikadi. Ninasoma mawe, mbegu na majani, na nawaambia yaliyoandikwa humo. Mwenye swali la upande wa pili ana wa kumwuliza, tena aliyesoma kunishinda.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana ndilo litakalotufikisha kwenye mkoko. Spirogira zikiungana, kile kinachotungwa hujifunga gamba gumu na kuachwa matopeni kingoje mvua. Hakina mlezi. Mmea wa nchi kavu haufanyi hivyo. Kuanzia kigoga cha ukutani mpaka mbuyu, wote hukiweka kiinitete ndani ya mwili wa mama, na mama hukilisha. Majani si ya wote, mizizi si ya wote, maua ndiyo kabisa. Lakini mama kubeba mtoto, hilo ni la wote bila kubagua. Mambo mengine yote nitakayoyasema ni habari ya mama kuongeza ulezi, na ya mmea kutafuta namna ya kuwa na maji pasipo na maji.

Kigoga mtakipata bila kutoka mjini. Tafuteni ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe karibu na birika au kisima, upande usiopigwa na jua. Wakati wa kaskazi, ukavu unapozidi, utaona utando mweusi mweusi ambao mtu anayepaka chokaa atauparura bila kufikiri. Udondosheeni maji kwa ncha ya kidole, kisha msiondoke. Vijani vyake, vidogo kuliko punje ya ufuta, vinafunguka palepale mbele ya macho na kurudi kijani. Hakikufa, kilikuwa kinasubiri. Kisha rudini baada ya mvua. Mtaona vijiti vyembamba vimesimama juu ya ule ukijani, kila kimoja na kikopo kidogo nchani. Kile kijiti ndicho mtoto. Husimama juu ya mama yake maisha yake yote, hula kwake, hutawanya spora kutoka kwenye kikopo, na hufia palepale.

Na baba? Mbegu za kiume za kigoga huogelea. Lazima pawe na tone la mvua au umande ili zilifikie yai. Hii ndiyo sababu mojawapo ya vigoga kubaki vifupi na kupenda kivuli, ingawa duniani zipo spishi 20,000 hivi za vigoga na jamaa zake. Walikuja nchi kavu lakini ndoa zao bado hufungwa majini.

Wengine walijenga. Walijipaka nta mwilini ili maji yasitoke, na kwenye nta wakaacha vitundu vinavyofunguka na kufunga, stomata, ili hewa iingie. Wakatengeneza mirija ya kupandisha maji, na kuta za mirija hiyo wakazikaza kwa lignini, kitu kilekile kinachofanya mbao iwe mbao na boriti zilizobeba madari ya nyumba zetu zisinyong'onyee. Na toka mwanzo walikuwa na washirika. Huko Scotland, kwenye kijiji kiitwacho Rhynie, chemchemi za maji moto ziligeuza bwawa zima la mimea kuwa jiwe miaka milioni 407 iliyopita. Daktari mmoja, William Mackie, aliyatambua mawe hayo mwaka 1912. Ukiyakata yakawa membamba na kuyatazama kwa hadubini, unaziona seli moja moja. Mimea mingi ya pale ilikuwa vijiti vya shibiri moja au mbili, haina majani wala mizizi ya kweli. Lakini ndani ya seli zake kuna nyuzi za kuvu, zimejipanga vilevile zinavyojipanga leo kwenye mizizi ya miti mingi, zikiuletea mmea madini na kupewa sukari. Kabla mmea haujawa na mizizi, ulikuwa na kuvu. Hili mimi linanishangaza kuliko habari za dinosaria.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Kufikia miaka milioni 385 iliyopita tayari kulikuwa na misitu. Mizizi ya mmoja wa misitu hiyo imefukuliwa karibu na mji wa Cairo, si wa Misri, wa jimbo la New York. Kisha ukaja wakati wa mabwawa makubwa, kati ya miaka milioni 359 na 299 iliyopita, yakiwa na miti ya zaidi ya mita 30 ambayo jamaa zake waliosalia leo ni vimea vya kutambaa chini. Miti hiyo ilizama kwenye tope lisilo na hewa, ikagandamizwa, ikawa makaa ya mawe. Makaa hayohayo ndiyo yaliyotugombanisha hapa Lamu miaka ile ya mradi wa umeme wa Kwasasi, mpaka mahakama ya mazingira ikaifuta leseni Juni 2019. Sitaingia huko tena usiku huu. Kwa kifupi, ni hewa ya ukaa iliyofungiwa ardhini na misitu isiyo na hata ua moja.

Kangaga nawapita haraka, ingawa spishi zake ni 10,000 na ushei. Mmea wenyewe ni mkubwa na una mirija mizuri, lakini spora yake ikianguka huota kijani kimoja bapa chenye upana wa ukucha, na juu ya kijani hicho mbegu za kiume bado huogelea. Tatizo la tone la maji lilikuwa bado halijatatuliwa.

Lililolitatua ni mbegu, nazo zilianza kuonekana zaidi ya miaka milioni 360 iliyopita. Mama alikataa kuachia spora yake ya kike. Aliiweka mwilini, yai likakomaa humohumo, na mume akaja akiwa chavua, kwa upepo au kwa mdudu. Mtoto aliyetungwa alifungiwa chakula cha njiani na kuvikwa gamba, ndipo akaachiwa aende.

Hapa pwani tunao ushahidi hai wa hatua hiyo, nao ni mtapo. Watu huupanda kwenye bustani za hoteli na kuuita mnazi mdogo, lakini na mnazi hawana udugu wowote wa karibu. Wazee wanakumbuka kuwa wakati wa njaa moyo wa mtapo uliliwa, baada ya kukatwakatwa, kulowekwa na kuanikwa kwa muda mrefu, kwa sababu una sumu; tafadhali asiende mtu kujaribu. Mtapo dume na mtapo jike ni miti mbalimbali. Chavua huletwa na wadudu mpaka kwenye mbegu changa ya jike, hukaa humo kwa miezi, na hatimaye humwaga nini? Mbegu za kiume zinazoogelea, kubwa kiasi cha kukaribia kuonekana kwa macho matupu, zenye maelfu ya nywele za kupigia maji. Wajapani wawili ndio waliogundua hili mwaka 1896: Hirase kwenye mti wa ginko na Ikeno kwenye mmoja wa jamaa za mtapo. Kwa hiyo mtapo unakipeleka chavua kwa njia ya nchi kavu, kisha pale mlangoni unatengeneza tone lake wenyewe la maji ili desturi ya zamani itimie. Mitapo ya duniani ni spishi 350 hivi tu, na jamii ya mtapo wetu, Encephalartos, imezuiwa kuuzwa kimataifa ikiwa imetoka porini. Akija mtu usiku na lori akitaka mitapo mikubwa, mjue anachofuata.

Kina mama, sasa ni zamu ya nazi. Ifueni, muangalie macho yake matatu. Mawili ni magumu, moja ni laini. Kiinitete kimekaa nyuma ya hilo laini, kadogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Sasa ile nyama na maji yote ni nini? Mwaka 1898 Mrusi Sergei Nawaschin aligundua kuwa kwenye mimea ya maua utungaji hufanyika mara mbili kwa wakati mmoja: mbegu moja ya kiume inaungana na yai, na ndugu yake inaungana na seli nyingine ili kutengeneza chakula cha mtoto. Kwenye kitale chakula hicho karibu chote bado ni maji; kwenye dafu utandu laini umeanza kujitanda ukutani; kwenye nazi umekuwa nyama. Nazi ikiota, kiinitete hupeleka ndani kitu cheupe cha kufyonza, kikue mpaka kiijaze nafasi yote. Hilo ndilo joya, ambalo sote tumelila utotoni na kulisifu utamu. Kila tunapokuna nazi tunakuna akiba aliyowekewa mtoto wa mnazi.

Mimea ya maua ilichelewa. Ushahidi wake ulio wazi ni wa miaka kama milioni 130, kisha kwa muda mfupi imetapakaa kila mahali, jambo lililomkera Charles Darwin hata akamlalamikia rafiki yake Joseph Hooker kwa barua mwaka 1879. Leo inajulikana zaidi ya spishi 300,000. Mkienda Malindi, shukeni Gede mwingie msitu wa Arabuko Sokoke. Hatua chache tu za kubadilika udongo, mchanga mweupe ukiisha na mwekundu ukianza, mnatoka kwenye miti mirefu ya mrihi mnaingia kwenye kichaka kizito cha miti mingine kabisa. Mvua ni moja. Kilichobadilika ni kile kilicho chini ya mizizi.

Na baada ya kazi yote hiyo ya kuhama majini, wako waliorudi. Wa kwanza kuwataja ni nyasi za baharini, ambazo wavuvi wa Kiunga wanazijua kwa sababu kasa na nguva hula humo. Hizo si mwani. Zina mizizi, zina mirija, na huchanua maua chini ya maji ya chumvi.

Mikoko ilirudi nusu njia. Kenya tunahesabu spishi tisa, na zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya nchi nzima iko Lamu. Sisi huiita yote mikoko, na serikali nayo iliitangaza yote kuwa hifadhi kwa tangazo moja mwaka 1932. Lakini hii si familia moja. Ni mtaa wa wahamiaji: kila mmoja ametoka mji wake, wamekutana kwenye matope, na kwa kuwa shida ni zilezile wameishia kufanana.

Mkoko wenyewe, pamoja na muia na mkandaa, ni wa nyumba moja, na nyumba hiyo ina udugu wa mbali na muhogo. Mlilana ni ndugu wa mhina na mkomamanga. Tazameni kikombe kilichobaki kwenye tunda la mlilana, kisha mtazame cha komamanga, mtaona sura ya ukoo. Mkomafi ni wa familia ya mwarobaini. Msikundazi ni wa upande wa mbuyu, pamba na bamia. Mchu una watu wake mbali kabisa na hao wote. Kwa maneno mengine, mkomafi na mwarobaini ulio uani kwako ni ndugu kuliko mkomafi na mkoko uliosimama pembeni yake. Na uhamaji huo si wa jana: katika udongo wa London yamefukuliwa matunda ya mnipa, mkindu wa mikokoni, yenye miaka kama milioni 50. London ilikuwa na mikoko. Wakiwaringia, wakumbusheni.

Kwa kuwa walitoka nyumba tofauti, kila mmoja alikuja na ufundi wake. Mkoko huizuia chumvi mlangoni, kwenye mizizi, sehemu kubwa isiingie kabisa. Mchu huiruhusu iingie, kisha huitoa kwa majani. Lambeni jani la mchu wakati wa jua kali mtaiona ladha. Kwa kupumua, mkoko umesimama juu ya mizizi iliyojipinda, muia hutoa magoti, mchu hutoa vijiti vyembamba, na mlilana hutoa pembe nene nyepesi ambazo wavuvi hukata kufanya vyelezo. Muia una maua mekundu na huwaita ndege chozi, mlilana huchanua usiku, mkoko hutegemea zaidi upepo.

Na watoto wao? Hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado iko juu ya mti. Ile mnayoiita mbegu, kijiti cha kijani cha nusu mita au zaidi, ni mche uliokwisha kuzaliwa. Mama ameunyonyesha maji na chakula kwa miezi, na chumvi yake imepunguzwa. Ni mimea michache sana inayomkalisha mtoto mwilini hivi. Mchu hufanya nusu: kiinitete hutoka kwenye gamba la mbegu lakini hubaki ndani ya tunda mpaka lianguke. Mlilana hausumbuki na hayo. Tunda lake limejaa mbegu ndogo ndogo nyingi, atakayeishi ataishi. Mkomafi hutoa tunda zito la mviringo lenye mbegu za pembe pembe, na mtoto akishalivunja ajaribu kuzirudisha zilivyokuwa, atashinda kutwa.

Ndipo nawauliza vijana wa vitalu: kwa nini kila kikundi kinapanda mkoko peke yake? Jibu mnalo. Mtoto wa mkoko ni mrefu, anashikika, unamchomeka na kazi imekwisha, na kwenye picha anaonekana. Mbegu ya mlilana haionekani kwenye picha. Lakini mlilana ndio unaokaa mbele kabisa kupokea mawimbi, na mkoko ukipandwa mahali pa mlilana hung'olewa. Tena wadudu hawachagui mahali, huchagua ukoo: pwani hii ya Kenya imekwisha kuona mililana ikitobolewa na viwavi na kukauka huku mikoko ya jirani ikibaki mizima. Siku akija mdudu wa mkoko, shamba la mkoko mtupu litasimama na nini?

Kwa hiyo, ombi langu ni la kazi. Kabla ya kupanda, angalieni maji. Mahali mikoko ilikufa kwa sababu mkondo umezibwa na mchanga au barabara, fungueni mkondo kwanza. Kama miti mama iko karibu, mara nyingi bahari yenyewe italeta watoto, wa kila nyumba, na kila mmoja atashika mahali pake. Palipo lazima kupanda mkoko, chukueni ule uliokomaa, wenye ukosi wa manjano pale juu unapoungana na tunda, msiukate ambao haujakomaa kwa haraka ya kujaza mfuko. Mchu lowekeni mpaka gamba litoke. Mlilana pasueni tunda, osheni mbegu, ziotesheni kitaluni kwanza na muwe na subira nazo. Na kwenye daftari la kikundi, andikeni kila jina peke yake, isiwe "mikoko 5,000" basi.

Juu ya msikundazi na mkomafi sijasema ya kutosha, nao humu ndani wamo mafundi wa majahazi wanaoijua miti hiyo kwa mikono kuliko mimi ninavyoijua kwa hadubini. Mzee, naona umeshanyanyua bakora. Karibu, anza wewe.